Gitaa la Chini

Mama alipoanza kutonisikia nilidhani kaninunia. Namwita kutoka jikoni kwake, kimya. Namuuliza kama amemeza dawa, ananijibu habari za pazia. Siku hiyohiyo mume wangu anaingia, anasema "Shikamoo, mama" kwa ile sauti yake ya lori linalopanda mlima, anaitikiwa kabla hajavua viatu. Jambo hilo liliniuma sana. Mimi niliyetoka tumboni mwake naita mpaka koo linakauka, mkwe anatamka neno moja tu na anapokelewa, tena mwenyewe hana la maana la kusema.

Daktari wa masikio ndiye aliyetupatanisha. Alimvalisha Mama vile vifuniko vya masikioni, akamwambia ainue kidole kila akisikia mlio. Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Mwanzoni ilikuwa milio minene, na kidole kikawa kinapanda vizuri. Baadaye milio ikawa inazidi kuwa myembamba. Mimi niliisikia ikivuja pembeni ya vile vifuniko, ti, ti, ti, na kidole cha Mama kimelala pajani kama hakimhusu. Nilitamani nikamwinulie.

"Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza," daktari akaniambia. "Nene zinabaki kwa sasa. Sauti yako wewe ni nyembamba, ya huyo mumeo uliyenisimulia ni nene. Hajakununia."

Nikamuuliza hiyo "kwa sasa" ina urefu gani. Akasema hilo hawezi kuniahidi. Inaweza kuwa muda mrefu, na inaweza kuwa mwaka huu.

Walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimletea vijiko, karatasi, feni na mlango wa jirani, vyote kwa mkupuo, na maneno ya watu yakapotelea humo humo. Alikivumilia, kisha akakifunga kwenye leso na kukiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Ndipo siku moja, tukiwa tunakunja nguo, akaniambia, "Mwanangu, kabla sijafunga duka kabisa, nataka nimsikie baba yako."

Baba alifariki zamani. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha uchapaji, na mwisho wa wiki alipiga gitaa bendini. Ameacha wimbo mmoja tu uliorekodiwa redioni, wimbo usio na maneno, gitaa tupu na kayamba kwa mbali. Aliutunga akimchumbia Mama. Mama husema wenzake waliandikiwa barua, yeye alipigiwa huo. Tulikua tukiujua kama wimbo wa Baba, na mtangazaji aliutaja hivyo: jina la Baba, basi.

Nilikuwa nao kwenye simu. Nikampigia Mama, nimeweka sauti mpaka mwisho. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema ni kama mvua juu ya bati. Lakini gitaa la Baba lilikuwa bado linaning'inia ukutani sebuleni kwake, na nilipolishusha nikagusa uzi ule mnene, Mama aliyekuwa mwisho wa chumba akageuka. Akaja, akaweka kiganja ubavuni mwa gitaa. "Gonga tena," akasema. Nikagonga. Akatabasamu.

Hapo nikapiga moyo konde. Kama simu haiwezi kumletea Baba, nitamletea mimi, kwa gitaa lake mwenyewe, hapo hapo mbele yake, kabla hiyo "kwa sasa" haijaisha. Nilisahau kitu kimoja kidogo tu, kwamba sijui kupiga gitaa.

Kazi yangu ni makochi. Nina karakana ya kutengeneza na kuvalisha makochi upya, na vidole vyangu vimeshakomazwa na sindano na kamba, kwa hiyo nyuzi hazikuniumiza kama zinavyowaumiza wanaoanza. Nilijiona tayari niko mbali. Nikalibeba gitaa hadi karakanani, nikaweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikausikiliza mwanzo wa wimbo, nikasimamisha, nikaanza kuutafuta. Hapa, hapana. Hapa, hapana. Hapa, karibu. Nikaupata mlio wa kwanza. Nikarudi kusikiliza wa pili, na nilipoupata wa pili, wa kwanza nimeshausahau. Ilikuwa ni kutafuta funguo gizani, na funguo zenyewe zinahama.

Mpiga gitaa mmoja wa hotelini alikuja kuchukua kiti chake nilichomvalisha, akanikuta katika hali hiyo. Akasimama kusikiliza mateso yangu, halafu akasema, "Fundi, unautafuta kwa vidole. Vidole havina masikio."

"Niutafute kwa nini, basi? Kwa magoti?"

"Kwa mdomo. Chukua kipande kidogo unachoweza kukimeza kwa mara moja. Kiimbe. Kiimbe ukivuta mikanda, kiimbe ukikata sponji, kiimbe mpaka kikuudhi. Ukiweza kukiimba bila simu, ndipo uguse uzi. Hapo mkono utajua unakwenda wapi."

Alikuwa na maringo kidogo, lakini alisema kweli. Nikaacha gitaa, nikaimba. Nilimwimba Baba nikiwa nimebana misumari midomoni, nikamwimba juu ya kochi la watu watatu lililoingiliwa na panya. Mteja mmoja aliuliza kama nimepata habari njema. Niligundua kwamba sikio langu lina uongo: lilikuwa linanirekebishia wimbo. Mahali Baba alipochelewa, mimi niliwahi, kwa kuwa niliona ndivyo ingefaa. Mahali alipoteremka, nilipanda. Ilibidi nijifunze kusikia kilichopo na kuacha kusikia ninachokitaka, na kwa mtu mwenye kichwa kigumu kama changu hilo si dogo.

Kipande kikaunganika na kipande. Mwanzo ukakaa, mwisho ukakaa. Katikati ndipo palipokuwa na kesi. Hapo kuna sauti nene zinatembea chini polepole, hatua kwa hatua, na wakati huohuo juu kuna sauti nyembamba zinapanda mbio na kuteremka. Niliweza kuimba za chini, na niliweza kuimba za juu, lakini kuzipiga pamoja kulitaka mkono uwe mwanzo wa shingo ya gitaa na mwisho wake kwa wakati mmoja. Nikasema, Baba alikuwa na vidole virefu. Nikatafuta picha yake ya harusi, nikavitazama vidole. Vilikuwa kama vyangu tu.

Basi kama yeye aliweza, nami nitaweza. Nikabuni njia. Kidole gumba nikakipitisha juu ya shingo ya gitaa kikabana uzi mnene, vingine vinne nikavitandaza kama buibui aliyekanyagwa, na za juu ambazo sikuzifikia nikazikatakata, nikawa naruka na kurudi. Mkono ukavimba. Mume wangu akawa ananichua kwa mafuta huku akicheka.

"Mke wangu," akasema, "watu wanapigwa na waume zao, wewe unapigwa na marehemu."

Nilimpa vidonge vyake, nikaendelea. Ikafika mahali nikaupiga wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ile katikati ikitoka kwa kusuasua, lakini ikitoka. Nilijivuna. Niseme tu ukweli, nilijiona mtu wa aina yake.

Jumapili mchana nikaenda kwa Mama. Nikamkalisha kwenye kochi, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, kiganja chake nikakiweka ubavuni mwa gitaa. Nikapiga. Mama alifumba macho. Pale katikati niliuma meno, nikapita, nikafika mwisho nikiwa natokwa na jasho, nikasubiri machozi yake.

Akafumbua macho. Uso umechangamka.

"Shemeji kapiga vizuri," akasema.

"Shemeji yupi?"

"Eh?"

Nikateremsha sauti mpaka tumboni. "Shemeji yupi, Mama?"

"Baba yako mdogo. Huyo ni yeye kabisa. Hiyo ya kutembea, dum, dum, dum, ndiyo ya kwake." Akapapasa ubavu wa gitaa kama anayempongeza. "Haya, sasa baba yako anaingia saa ngapi?"

Nikamwambia, kwa sauti nene na polepole, kwamba huyo aliyemsikia ndiye Baba, kwamba wimbo mzima ni wa Baba. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Walikuwa wawili," akasema. "Walikaa benchi moja, kipaza sauti kimoja. Baba yako juu, mdogo wake chini. Hukujua?"

"Nitajuaje? Hakuna aliyewahi kuniambia!"

"Hukuuliza," akasema Mama.

Akanieleza yaliyobaki bila kuficha. Mtangazaji alitaja jina la Baba peke yake. Mdogo wake akangoja kaka arekebishe. Kaka akasema atarekebisha, akachelewa, watu wakaanza kumpongeza njiani, akaona haya kuwaambia, na kila siku iliyopita ikafanya iwe vigumu zaidi. Mwishowe mdogo mtu akaacha kupiga naye, kisha akaacha kuja nyumbani. Mazishini alikuja, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Mimi nilidhani ndivyo alivyo, mtu wa peke yake.

Kwa hiyo zile wiki zote nilikuwa nimewafunga wanaume wawili kwenye mkono mmoja. Na hao wawili walikuwa hawazungumzi.

Baba mdogo ana duka la vioo upande wa pili wa mji. Nilimkuta ameinama juu ya meza, anakata kioo cha dirisha. Alivuta kile kisu chake cha gurudumu dogo mara moja, kikalia krrr, akainamisha sikio, akaridhika, akagonga kidogo chini, kioo kikaachana. Ndipo akaniona.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi karibu," akasema, akapangusa kiti kwa kofia yake.

Nikamweleza yote, masikio ya Mama, daktari, wimbo. Akasikiliza uso ukiwa mkavu. Lakini nilipofika pale Mama aliposema "Shemeji kapiga vizuri," akanyanyua mkono kunisimamisha.

"Rudia hapo."

"Amesema, shemeji kapiga vizuri. Huyo ni yeye kabisa."

"Bila kuambiwa na mtu?"

"Bila kuambiwa."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unapiga."

"Mimi."

Akageuka akatazama vioo vyake. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nikaona nimwonyeshe nilivyojifunza, kwa sababu gitaa nilikuwa nalo. Nilipofika katikati, na yule buibui wangu, alianza kutikisika mabega. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, umetukaba wote wawili kwa mkono mmoja! Nani kakwambia mtu mmoja anaweza kupiga hivi?"

"Redio."

Hilo lilimkata kicheko. "Ndiyo," akasema. "Redio iliwaambia wengi."

Alikubali kunifundisha. Nikawa napita kwake nikifunga karakana mapema, na yeye anashusha gitaa lake, ambalo kumbe alikuwa nalo siku zote, juu ya rafu nyuma ya fremu za picha. Nilitaka tuanze na sehemu ya Baba. Akakataa.

"Jifunze ya kwangu kwanza."

"Mama anamtaka Baba."

"Nimesikia. Ya kaka huwezi kuisikia ikiwa hujui yangu ilipo." Akajirekebisha, "Ya baba yako. Ukiijua ya chini sawasawa, utaisikiliza redio na kuitoa. Kitakachobaki ni yeye."

Nilidhani anataka tu kuheshimiwa. Lakini nikajifunza ya chini, hatua kwa hatua, mpaka nikawa naipiga huku nabishana na mteja kwenye simu. Kisha siku moja karakanani nikaweka ule wimbo, bastola ya kupigia pini mkononi, na nikaisikia ile ya chini inapita kama mtu ninayemjua, nikamwacha apite. Na juu yake, peke yake, akasimama Baba. Nilikuwa sijawahi kumsikia. Alikuwa anachelewa kidogo kila mwisho wa mstari, anaikokota sauti ya mwisho kama mtu asiyetaka kuaga. Nikaiweka ile bastola chini nikalia, juu ya kitambaa cha mteja, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha mahameli.

Baada ya hapo sehemu ya Baba haikunichukua muda. Iliingia mikononi yenyewe. Lakini iliishi juu kabisa, huku shingo ya gitaa inakokutana na tumbo, kwenye nyuzi nyembamba. Kila nilipoipiga nilikiona kile kidole cha Mama kimelala pajani.

Nilimwambia Baba mdogo. "Mama hatamsikia Baba. Sauti hizi hana tena."

"Atasikia."

"Daktari kasema..."

"Daktari hajawahi kumsikia kaka. Tupige wote kama ilivyokuwa. Kimoja atakisikia, kingine atajijazia."

Nilimwelewa. Alikuwa anaisubiri siku hiyo kuliko mimi. Bila kumwambia, karakanani nikaanza kuishusha sehemu ya Baba. Sauti zilezile, mwendo uleule, ila chini, kwenye nyuzi nene. Kwa masikio ilikuwa ni kazi ya kuimba upya: nilimwimba Baba kwa sauti ya mume wangu, kisha nikamtafuta huko. Ilikaa. Ilikuwa nzito kidogo, kama Baba aliyeamshwa sasa hivi, lakini alikuwa yeye.

Siku ya siku Baba mdogo alikuja kwa Mama na shati lililopigwa pasi mpaka kola, gitaa amelifunga kwa shuka. Alisimama mlangoni kama aliyeleta barua.

"Shemeji," Mama akamwambia, "umezeeka."

"Na wewe umekuwa kiziwi."

"Eh?"

"Nasema umependeza!"

"Muongo," akasema Mama, akamvuta ndani kwa mkono. Hakuna aliyetaja mambo ya redio.

Tukakaa wawili mbele yake. Tukaanza, yeye chini, mimi juu, kama ilivyokuwa. Naomba niseme kwamba tulikuwa wazuri. Pale katikati, pale nilipovimba mkono, palipita kama maji. Mama alifumba macho, kichwa kikawa kinafuata dum, dum, dum, na Baba mdogo alimwona. Sijawahi kuona mzee anang'aa vile. Aliongeza madoido ambayo redioni hayapo.

Tulipomaliza Mama akapiga makofi. "Shemeji, mkono haujaisha!" Kisha akanitazama mimi, kwa upole, na upole wake ukaniumiza zaidi. "Nimeona vidole vyako vinahangaika huko juu, mwanangu. Yeye sijamsikia."

"Tupige tena," nikasema. "Mimi nitakuja chini."

Tukapiga tena. Tulifika mstari wa pili tu. Watu wawili walikuwa wanang'ang'ania kupita mlango mmoja. Kila sauti ya Baba ilikanyagwa na hatua ya mdogo wake. Mama akakunja uso, akatikisa kichwa. "Mnaongea kwa pamoja," akasema.

Nikaweka kiganja juu ya nyuzi zangu. Nikamgeukia Baba mdogo.

"Ya chini itabidi ipishe," nikamwambia.

"Ipishe iende wapi?"

"Juu. Tubadilishane. Au unyamaze kidogo, mara hii moja tu."

"Ninyamaze." Alilitamka polepole. "Kaka alikuwa juu. Wimbo una juu na una chini, na mimi ndiye chini."

"Aliye juu hasikiki!"

"Mimi nilisikika? Miaka yote hii watu wanaupenda wimbo, kuna aliyeuliza nani anapiga chini? Nilikufa? Sikufa, nilikata vioo." Alikuwa amesimama, gitaa analirudisha kwenye shuka. "Leo nimesikika dakika tano, na wewe unataka niende huko ambako shemeji hasikii kitu."

Alikuwa na haki, na nilikuwa na hasira naye vilevile. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nimepiga wiki zote hizo na sijasikika, lakini niliona ni ujinga.

"Mnagombana?" Mama akauliza. Alikuwa anatusoma nyuso.

"Hapana, Mama," nikasema, kwa sauti yangu nyembamba isiyomfikia mtu.

Mama akamwangalia Baba mdogo, aliyekuwa anafunga fundo la shuka. "Shemeji, unakumbuka alivyokuwa anaikokota ile ya mwisho? Zamani nilikuwa naisikia kichwani hata redio ikiwa imezimwa. Nafua, naisikia. Sasa nikiitafuta naipata ya kwako tu. Ya kwake imenitoka hata kichwani." Alisema hivyo kama mtu anayetaja mahali alipoweka miwani. "Nilidhani labda leo itarudi."

Baba mdogo alibaki amelishika lile fundo. Kisha akalifungua. Akakaa, akakaza uzi mmoja ambao haukuwa umelegea.

"Anza," akaniambia.

"Nianze wapi?"

"Chini. Anza, mtoto mbishi wewe."

Nikaanza, sehemu ya Baba, kwenye nyuzi nene. Pembeni mwa jicho nikauona mkono wa Baba mdogo unapanda shingo ya gitaa, unapita mahali pake pa siku zote, unakwenda hadi mwisho kabisa ambako nyuzi zimebaki fupi. Na huko akapiga sehemu yake. Hatua zilezile, dum, dum, dum, sasa zikiwa ti, ti, ti. Mimi nilizisikia zote.

Mama alikaa wima. Akaweka mkono kifuani, midomo ikawa inasogea. Nilipofika mwisho wa mstari nikaikokota sauti ya mwisho, naye akaikokota nami, kwa koo, bila kujua kwamba anatoa sauti.

"Huyo," akasema. "Huyo hapo. Huyo ndiye yeye." Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta.

Tulipofika katikati akafumbua macho, akamtazama Baba mdogo, vidole vyake vikitembea huko juu.

"Shemeji, mbona wewe unashikashika tu, hupigi?"

Baba mdogo akamwinamia sikioni bila kuacha kupiga. "Nimemwachia kaka," akasema kwa sauti nene.

"Afadhali," Mama akasema. "Siku zote ulikuwa unamfunika."

Baba mdogo akacheka, akaendelea kupiga mpaka mwisho, na hakukosea hata mahali pamoja.